Zama Zao

Kitabu chenyewe kilifika Jangwani kwa njia ileile inayotuletea mashati na viatu, yaani mitumba. Jalada la mbele lilikuwa limekwisha nyofoka, na mtu aliyekisoma kabla yetu, sijui wa nchi gani, alikuwa amepiga mstari wa kalamu ya risasi chini ya kila neno la Kigaeli alilokutana nalo, mpaka akachoka kwenye ukurasa wa hamsini na kitu. Ni riwaya ya Diana Gabaldon iitwayo Outlander, iliyotoka Marekani mwaka 1991. Waingereza waliitoa mwaka huohuo kwa jina jingine, Cross Stitch. Kurasa zake zapita 600. Nakala hiyo moja imezunguka nyumba kadhaa za mtaa wetu, na kila ilikopita imeacha ugomvi nyuma yake. Ugomvi huo ndio ninaotaka kuuandika, maana naona umesema juu ya riwaya hii jambo ambalo wanaoisifu hawalisemi.

Wasomaji wenyewe niwataje kwa kazi zao, kwani majina hawakuniruhusu. Yupo muuguzi mstaafu. Yupo mama mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Yupo Mwalimu, mzee aliyefundisha historia mpaka akastaafu. Yupo kijana fundi wa simu pale Kariakoo, ambaye huwaita wote hao mama na baba na kisha akawabishia bila haya. Wa mwisho ni jirani yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Yeye hakuisoma. Alisimuliwa, sura baada ya sura, jioni kibarazani, tukichambua mchele au tukingoja umeme urudi. Msimulizi wake nilikuwa mimi.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Claire Randall ni muuguzi aliyetumika katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945, vita vimekwisha, anakwenda na mumewe Frank katika mji wa Inverness, kaskazini ya Uskoti, kupumzika kama watu walio fungate kwa mara ya pili. Siku moja anakwenda peke yake kwenye duara la mawe ya kale yaliyosimamishwa na watu wa zamani, anagusa jiwe moja, na anajikuta mwaka 1743. Mtu wa kwanza kukutana naye huko ni Jonathan Randall, kapteni wa jeshi la Kiingereza, babu wa babu zake Frank, mwenye sura ileile ya Frank na roho ya mnyama. Anaokolewa na watu wa milimani, hao wenye asili ya Kiselti wanaosema Kigaeli na kuishi kwa koo. Ili kapteni asiweze kumchukua, anaozeshwa kijana wa ukoo, Jamie Fraser, mwekundu wa nywele, mrefu, mdogo kwake kwa umri. Na Claire anajua jambo wasilolijua wote walio karibu naye: kwamba tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden, koo hizo zitavunjwa kwa vita ambavyo havitamaliza hata saa moja.

Gabaldon aliianza riwaya hii mwaka 1988 akiwa Arizona, mwanasayansi mwenye watoto wadogo, hajakanyaga Uskoti. Inasemekana, na mwenyewe hakulificha, kwamba wazo lilimjia kwa kumwona katika filamu ya televisheni kijana wa Kiskoti aliyevaa kilti. Muuza vitenge alipolisikia hilo alisema kwamba haoni ajabu, nguo imewahi kuanzisha makubwa kuliko hayo.

Mimi nilidhani kwamba shida yangu katika kusimulia ingekuwa yale mawe. Nilijiandaa kueleza. Jirani yangu hakuuliza neno. Nilipofika mahali Claire anapotumbukia, alisema tu, "Ehe, akatokea wapi?" kama mtu aliyezoea njia hiyo. Na kweli ameizoea. Ni mtu anayesoma Suratul Kahf kila Ijumaa, na humo wamo Watu wa Pangoni waliolala miaka 300 na kuongeza tisa. Wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao akanunue chakula. Wasimulizi wetu huongeza kwamba ni ile sarafu iliyomfichua, kwa kuwa ilikuwa na chapa ya mfalme aliyekwisha sahauliwa. Basi nilipomfikisha kwenye kesi ya uchawi, ambapo Claire anaona katika mkono wa Geillis Duncan kovu la chanjo ya ndui na kutambua kwamba huyu naye si wa karne hii, jirani alipiga kofi: "Hiyo ndiyo sarafu!" Kisha akapandisha mkono wa gauni akatazama kovu lake mwenyewe begani. Nami nikatazama langu. Sijapata kuona uhakiki bora wa sura ile, na umefanywa na mtu asiyeijua lugha iliyoandikiwa.

Shuleni tulifundishwa kuikata riwaya vipande viwili, fani huku na maudhui kule, kama mtu anayepasua papai. Kwa vitabu vingine njia hiyo hufaa. Kwa hiki haikutufaa hata kidogo. Wasomaji wangu walimjadili Claire kama anavyojadiliwa mke mpya aliyehamia mtaani, na walimjadili kwa haki kabisa, kwani riwaya ya mapenzi hutaka hivyo: isiposababisha watu kuingilia ndoa isiyowahusu, imeshindwa.

Tulianza na jina. Outlander tungeliita nini? Kijana alisema "Mgeni". Nikakataa, maana mgeni kwetu ana heshima zake, huja na baraka, hupikiwa. Mwalimu akapendekeza "Mtu wa Kuja", na hapo tukatulia, maana neno hilo lina kijino chake. Mtu wa kuja anaweza kukaa miaka arobaini, akazaa, akazikia watu, na siku ya ugomvi akakumbushwa kwamba ni wa kuja. Ndivyo wale Waskoti wanavyomwita Claire kwa neno lao, Sassenach, ambalo ni tusi kinywani mwa wengi na ni pendo kinywani mwa mmoja. Hapa Jangwani, na Kariakoo yote, ambako karibu kila mtu babu yake alitoka mahali pengine, neno hili halihitaji tanbihi.

Pakaja suala la waume wawili. Muuguzi alishika msimamo kwamba Claire amezini, basi. Ana mume, na mume yu hai. Kijana akamjibu kwamba mume hajazaliwa bado, atazaliwa baada ya zaidi ya karne na nusu, na mtu hawezi kumsaliti asiyekuwapo. Muuza vitenge akauliza kama mke naye asiyekuwapo huko kwa Frank akae eda gani huyo Frank, tukacheka. Lakini Mwalimu alisema jambo la maana: kwamba kosa au si kosa halitegemei kalenda, linategemea alichokuwa nacho moyoni Claire alipokuwa anasema ndiyo, na moyoni alikuwa na Frank, na pete ya Frank ilikuwa bado kidoleni. Mwandishi analijua hilo, ndiyo maana hamwachi Claire aivue. Mpaka mwisho anavaa pete mbili, moja kila mkono. Hapo Gabaldon amefanya kazi safi, na nilipolieleza hivyo hata muuguzi alinyamaza, ingawa hakusema kwamba amekubali.

Sasa nije kwenye mkanda, maana huko ndiko kitabu kilikotuvunja.

Jamie amemwacha Claire mahali, amemwambia asitoke. Claire anatoka, kwa kuwa mawe yako karibu na anataka kurudi kwake. Askari wanamkamata, wanampeleka Fort William mbele ya kapteni Randall. Jamie na wenzake wanaingia ngomeni kumwokoa, kwa hatari ya roho zao. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, Jamie anamwambia mkewe kwamba amehatarisha maisha ya watu na kwamba pana adhabu. Anavua mkanda, anampiga. Claire anapigana naye, anapiga kelele, na wanaume wako chini wanasikiliza. Asubuhi wanamtania kwa kuwa hawezi kukaa. Mwandishi anayasimulia haya kwa mzaha mwingi, na Jamie anakiri kwamba kile kitendo hakikumchukiza alivyotazamia.

"Zama zao," akasema muuza vitenge, akafungua ukurasa uliofuata.

Mwalimu akamuunga mkono, na hoja yake ni ya mwanahistoria: usimhukumu mtu wa 1743 kwa sheria aliyokuwa hajaisikia. Mume wa wakati ule alikuwa na haki hiyo machoni pa jamii yake, na mwandishi angekuwa mwongo kama angetuletea mume wa kisasa aliyevaa kilti. Kijana akasema kwamba askari aliyefanya alivyofanya Claire angechapwa, kwa nini yeye asichapwe? Muuguzi hakusema. Alikifunga kitabu, kikakaa kwake wiki mbili bila kusomwa, na aliporudisha alisema, "Nimefika pale. Mpeni mwingine kwanza."

Si sisi peke yetu. Wasomaji wa Ulaya na Marekani wameugombania ukurasa huohuo kwa zaidi ya miaka thelathini, na filamu ya televisheni iliyoanza mwaka 2014 ilipofika pale mwaka uliofuata, iliwasha moto upya. Na huko nako utetezi ni uleule, karibu kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo nimeufikiri sana utetezi huu, na nasema kwamba haufai. Tena haufai kwa ushahidi wa riwaya yenyewe, sihitaji kuleta wangu.

Kwanza mgongo wa Jamie. Tangu mwanzo wa kitabu tunaonyeshwa mgongo ule. Kapteni Randall alimchapa viboko 100, na kabla vidonda havijapona akachapwa vingine 100. Makovu yake ni kama shamba lililolimwa. Claire anayatazama, anayagusa, na sisi tunaambiwa kwa kila njia kwamba huu ni unyama, kwamba anayeupenda mjeledi amepotoka. Basi tuulize: je, hiyo nayo haikuwa zama zao? Kuchapa viboko kulikuwa halali katika jeshi la Uingereza siku zile, kukaendelea kuwa halali mpaka mwaka 1881. Kapteni Randall alikuwa na kanuni mfukoni, kama Jamie alivyokuwa na mila. Lakini hakuna msomaji hata mmoja, si Jangwani wala ng'ambo, niliyemsikia akimtetea kapteni kwa kusema "zama zao". Utetezi huu tumeuweka akiba kwa ajili ya mume tu. Mkuki kwa nguruwe.

Nilipoisema hoja hii kibarazani, Mwalimu alikaa kimya kitambo. Kisha akakumbusha jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria, na ambalo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Katika nchi hii, akasema, wazee wetu waliitunza kumbukumbu ya utawala wa Mjerumani kwa neno moja, hamsa ishirini, yaani viboko 25 vilivyokuwa dozi ya kawaida ya serikali ile. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka walilijua neno hilo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Mjerumani asilaumiwe kwa sababu ndivyo walivyofanya siku zile. Lakini fimbo ya nyumbani, akasema, hatukuipa jina. Alisema hivyo akitazama chini, na hakurudia tena hoja yake ya kwanza.

Pili ni msimulizi. Riwaya hii haisimuliwi na mtu wa 1743. Anayesema "mimi" ni Claire, mwanamke aliyeendesha wodi ya majeruhi wa vita, aliyezoea kuamuru na kutiiwa. Ndiye anayetuchekesha kuhusu yale ya asubuhi. Mzaha ule haukutoka katika karne ya kumi na nane, umetoka katika kalamu iliyoshikwa Arizona kati ya 1988 na 1991. Kama ningeambiwa nitaje kosa moja la kitabu hiki kama kitabu, nisingetaja kule kupigwa, kwani fasihi haikatazwi kuonyesha ubaya. Ningetaja ule utani. Mwandishi ameogopa kwamba tutamchukia Jamie, akatutekenya ili tusimchukie.

Tatu, na hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotaka kitabu kitupwe, ni kiapo. Baadaye Jamie analishika jambia lake kwa namna ya kushika msalaba, anaapa kwamba hatainua tena mkono juu yake. Anaapa kwa sababu ameona jinsi alivyomwumiza, wala si kwa kulazimishwa na sheria mpya. Hapo zama ziko wapi? Kama zama zilimfunga asiweze kufanya vinginevyo, aliwezaje kuapa? Mtu wa 1743 ameketi pale, na jambo ambalo watetezi wake wanasema lisingewezekana kwake, analifanya. Riwaya ina akili kuliko wanaoitetea. Nasikitika tu kwamba kiapo kile kimefichwa katikati ya mambo mengine, na msomaji wa haraka hukipita kama anavyopita kituo cha basi asichoshukia.

Jirani yangu hakukipita. Nilikuwa nimemsimulia mkanda kwa sauti ya chini, nikifupisha, kwa kuwa kuna mambo ninayoyajua kuhusu nyumba yake ambayo si ya kuandikwa hapa. Alisikiliza bila kuacha kuchambua mchele. Nilipofika kwenye kiapo, alisimamisha ungo. Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza neno kwa neno alisemaje, nami nikalazimika kuingia ndani kuleta kitabu na kumtafsiria mstari kwa mstari, taratibu. Akauliza kama mahali popote mbele Jamie anakivunja. Nikamwambia kwamba katika kurasa zilizobaki za kitabu hiki, hakivunji. Akasema, "Haya," akaendelea na ungo.

Nilimweleza siku ileile kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo nilikuwa nikiijua kwa kusikia na nimekwisha isoma. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga, iwe mila inasema nini. Imekwisha timiza zaidi ya nusu karne. Aliniuliza kama Mjumbe wa Nyumba Kumi anaijua. Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini niliona kwamba kwake yeye Claire hakusafiri miaka 202. Alihama mtaa tu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kesi ya uchawi. Mwalimu alikuwa na malalamiko ya kitaalamu, na ni ya haki: sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1735 ilikwisha futa kosa la uchawi, na Uskoti ilikuwa ndani ya sheria hiyo, kwa hiyo kesi ya 1743 iliyoelekea kwenye moto ilikuwa haina miguu. Muuguzi akamwambia, "Mwalimu, kuna sheria na kuna watu." Alikuwa amefanya kazi Shinyanga ujanani. Sheria ya Uchawi tuliyonayo sisi iliwekwa na Mwingereza mwaka 1928 na bado iko vitabuni, na haikuwazuia watu wa kule kuwaua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Muuguzi alisema kwamba sura ile ndiyo iliyomfanya akisamehe kitabu. Alifurahia pia ule mwanzo, Claire anapolirudisha bega la Jamie lililoteguka. Alisema anayeandika vile ama amefanya au amemwuliza aliyefanya.

Kijana ndiye aliyeuliza swali ambalo nadhani lilitupasa sote. Kwa nini tusome habari za Culloden? Sisi na Waskoti wapi na wapi? Nilimwambia atoke nje, apande kuelekea Kariakoo, ahesabu mitaa. Upo Mtaa wa Livingstone, anaupita kila siku akienda kazini. David Livingstone aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba baba wa babu yake aliuawa Culloden, na kwamba babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva. Ukoo ukahamia Blantyre kwenye kiwanda cha pamba, na humo David akaingia kazini akiwa na miaka kumi. Kutoka huko akaja kwetu. Alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo fundi wetu wa simu ana duka hatua chache kutoka kwenye jina la kitukuu wa mtu wa Culloden. Na Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, lililolainishwa na ndimi zetu. Anayetafuta jiwe la kugusa asiende mbali.

Mwalimu akaongeza, kwa wivu kidogo, kwamba yapata mwaka uleule wa 1746 Muhammad bin Uthman wa ukoo wa Mazrui aliuawa Mombasa na watu waliotumwa kutoka Oman, na nduguye Ali akatoroka ngomeni kisha akairudia na kuitwaa. Koo, ngome, mfalme wa mbali, usaliti, kutoroka usiku: vyote vipo. "Aliyekosekana," akasema, "ni mama mmoja wa kutumbukia humo na kuandika."

Kijana akamrukia. Alisema kwamba kama ni kutumbukia, yeye angekwenda Ngarambe, mwaka 1905, amwambie Kinjikitile kwamba maji hayatazuia risasi. Tulinyamaza. Halafu muuza vitenge akauliza, "Nani angekusikiliza?" Claire na Jamie hufanya jaribio hilohilo katika kitabu cha pili, Dragonfly in Amber, cha mwaka 1992; wanajua Culloden inakuja, wanahangaika mpaka Ufaransa kuizuia, na Culloden inakuja. Wapo wasomaji wanaoona kwamba huo ni udhaifu, kwamba mwandishi amewafunga mikono wahusika wake. Mimi naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya mwaka 1969 alikwisha tuonyesha mtu anayeliona neno lake likimtoka mikononi na kwenda kuua, wala hakuhitaji mawe ya uchawi. Kujua hakutoshi. Anayejua lazima apate wa kumsadiki, na mtu wa kuja hasadikiwi upesi.

Isipokuwa mmoja. Baada ya kesi ya uchawi Claire anamwambia Jamie ukweli wote, na Jamie anamsadiki, papo hapo, bila ushahidi ila kovu na neno lake. Kisha anampandisha mpaka kwenye mawe na kumwambia aende kwao kama anataka. Anamwacha pale peke yake achague. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya inapokuwa riwaya ya mapenzi. Yale mengine yote ya kitandani ni mengi mno na yanajirudia. Claire anakaa siku nzima juu ya kilima, anafikiri, hata maji ya moto ya kuogea anayafikiria, na jioni anashuka kwa Jamie.

Tuliulizana sote tungefanya nini. Muuza vitenge angeshuka bila kufikiri. Kijana angerudi, kwa sababu ya simu. Muuguzi alisema angerudi kwa Frank, aliyemwoa kwanza, na kwamba hilo halina mjadala. Mwalimu hakujibu, alidai kwamba swali hili si la wanaume.

Jirani yangu alifikiri kuliko wote. "Ningekaa na Jamie," akasema. "Lakini tujenge karibu na mawe."

Kitabu kiko kwake sasa. Amemwomba binti yake wa kidato cha tatu, anayesoma Jangwani Sekondari, awe anamsomea. Cha pili tumekitafuta kwenye mitumba bado hatujakipata.